Chui wa Leseni na Mbuzi wa Hewa Bora

Jumatatu, 3 Agosti 2026

Katoni imefika. Ina utepe wa gundi wa aina mbili, mmoja wa zamani, mmoja mpya. Kwa hiyo imefunguliwa njiani. Kijana aliyenikabidhi amesema yeye hajui kitu, yeye anabeba tu. Wanaobeba tu ndio wanaojua yote.

Ndani: chui mmoja wa manyoya, kimo cha mtu mzima, kichwa mbali, mwili mbali. Jina lake Lolo. Yeye ndiye uso wa Télé Pirouette, televisheni ya watoto kutoka Abidjan, ambayo sasa inaingia Kongo kwa leseni halali, muhuri na kila kitu. Na wa kuiingiza Lubumbashi ni nani? Mimi, Kasonde Clovis, muuza antena na dekoda, niliyeanza biashara na bisibisi moja ya kuazima. Bado ninayo.

Madame Estelle, mjumbe wa kampuni, amepiga simu. Anafika Ijumaa. Uzinduzi ni Jumamosi, ukumbi wa parokia, hapahapa mtaani Hewa Bora. Familia sitini zikijiandikisha, mimi ni mwakilishi pekee wa Haut-Katanga nzima mpaka Mitwaba. Zisipofika sitini, kampuni "itaangalia kando". Kando wapi? Kando yangu yuko Dédé tu!

Dédé ana kibanda upande wa pili wa barabara. Anawajazia wazazi katuni za wizi kwenye flash. Tangu aanze, antena zangu zimelala na vumbi la kiangazi kama wagonjwa.

Masharti ya Lolo: avaliwe na mtu mmoja aliyeteuliwa. Asiseme neno. Kichwa kisitengane na mwili mbele ya watoto. Nimemteua Précieux, mdogo wa mke wangu Claudine, kwa sababu hana kazi wala maneno mengi.

Nimehesabu madoa ya chui. Mia moja arobaini na mawili. Yakipungua nitajua.

Jumanne, 4 Agosti

Dédé ameona mkia. Ulikuwa unatoka nje ya katoni, kosa la Précieux. Amesimama katikati ya barabara akapiga kelele: "Bantu ba Hewa Bora, mukuye muone! Mbuzi amefunga nkambo yangu mu katoni!"

Hapa pana jambo. Ukoo wa Dédé ni Chui. Ukoo wetu ni Mbuzi. Tangu mababu sisi ni watani. Mtani anakutukana mbele ya watu, unacheka. Mtani anaingia kwako, anabeba kitu, unacheka. Unakikomboa kwa jogoo au kwa pombe. Ukikasirika unalipa mara mbili. Na siku ukifa, ni yeye anayekuzika. Mimi Dédé amekwisha kunizika kibiashara, anangoja mwili tu.

Basi nimecheka. Barabara nzima imecheka. Dédé amesema babu yake, nkambo huyo, hawezi kulala kwa Mbuzi, atakula nini, majani? Nimejibu kwamba kwangu atakula vizuri kuliko kwa wajukuu zake. Watu wamepiga makofi. Lakini nimemtazama Dédé machoni. Mdomo ulikuwa unacheka. Macho yalikuwa yanapima katoni.

Claudine amesema nimeanza tena. Kwao walitoka Kasai, hawana habari na Chui wetu na Mbuzi wetu. Anatuangalia kama mtu anayeangalia mpira bila kuwa na timu.

Wakati wa kula bukari, ugali wetu, nimepata wazo. Wazo kubwa! Desturi ina njia mbili. Kama Chui anaweza kubeba kitu cha Mbuzi, Mbuzi pia anaweza kubeba kitu cha Chui. Kwa mfano, kompyuta. Kwa mfano, kompyuta yenye katuni zote. Bila kompyuta hakuna flash, bila flash watoto wana njaa ya katuni, na Jumamosi wenye njaa watakuja kwangu. Hesabu imekaa sawa. Na hawezi kukasirika!

Jumatano, 5 Agosti

Nimefanya. Nimeingia kibandani kwa Dédé saa nne asubuhi, Précieux nyuma yangu, nikapaza sauti kwamba Mbuzi amekuja kula shamba la Chui. Wateja wamecheka. Nimebeba kompyuta kifuani kama mtoto.

Dédé amepiga makofi. Makofi! Halafu amenikimbilia mpaka barabarani: "Weye Mbuzi, unasahabu waya!" Akanipa waya.

Nimekaa mchana kutwa ninaufikiria waya huo. Mtu unamnyang'anya mali, anakukimbilia na kipande kilichobaki. Kwa nini? Claudine amesema ni kwa sababu Dédé ni mtu mwema. Claudine ni mwanamke mwenye akili, lakini watu wema hawajui. Mimi ninawajua.

Akina mama watatu wamekuja kuuliza katuni zimekwenda wapi, watoto wako likizo na wanavunja nyumba. Nimewaambia wavumilie mpaka Jumamosi.

Alhamisi, 6 Agosti

Wizi! Hapana, si wizi. Siruhusiwi kuuita wizi.

Tulikuwa tunakunywa chai. Nyimbo nje. Dédé na shangazi zake wanne, wamejifunga vitenge, wanamlilia babu yao aliyetekwa. Nani amewafungulia mlango? Claudine. Nani amewapa chai na mikate? Claudine. Shangazi mmoja amekumbatia kichwa cha Lolo, amesema mzee amekonda, akatoka nacho akiimba. Wameacha mwili. Nimetabasamu mpaka taya limeuma.

Nimemfuata Dédé kwa adabu yote. Nimesema nitamrudishia kompyuta, anirudishie kichwa. Amesema kompyuta haitoshi, babu si kompyuta. Anataka mbuzi mzima, anayetembea, na nimlete mwenyewe kwa kamba. Nimetoa jogoo. Amekataa. Amesema: "Mbuzi kuleta mbuzi, njo heshima yenyewe."

Nimekataa. Mimi Kasonde nivute mbuzi kwa kamba barabarani, watu wahesabu tuko wangapi?

Sasa ninaelewa waya. Alinipa waya ili niwe na deni la heshima. Mtu huyu amepanga tangu mwanzo.

Suluhisho: tutatengeneza kichwa chetu. Précieux amesema anajua kuchora. Nimempa ndoo.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimempokea Madame Estelle uwanja wa ndege. Mwanamke mfupi, miwani mikubwa, leseni iko ndani ya plastiki kwenye mkoba. Nimeomba kuigusa. Muhuri umekaa upande wa kushoto. Mihuri ya kweli niliyoiona mimi ilikaa kulia.

Jambo la kwanza aliloniuliza: Lolo yuko wapi? Nimesema amepumzika. Akauliza kama amekamilika. Nimesema kwetu hapa mgeni haonyeshwi chui kabla ya siku yenyewe, ni desturi. Akaandika kitu kwenye simu yake. Anamwandikia nani? Hajamaliza saa moja mjini, tayari ana mtu wa kumwandikia!

Nimemwambia dereva azunguke asipite mbele ya Dédé. Dereva amezunguka, akapita mbele ya Dédé. Na kichwa kile kiko pale nje, juu ya kiti, wamekifunga kitenge, wamekiwekea sahani ya bukari! Nimekohoa kwa nguvu na kumwonyesha Madame kilima cha takataka za mgodi upande wa pili. Ametazama kilima. Nafikiri.

Nyumbani, kichwa cha Précieux kimekauka. Rangi ni ya njano, madoa yapo. Lakini masikio yamelala, na rangi imetiririka chini ya mdomo ikafanya ndevu. Claudine amecheka mpaka amekaa chini. Nimesema ni chui. Amesema ndiyo, papa, na kesho asubuhi tumkamue maziwa.

Précieux ameuliza kwa sauti ndogo: "Shemeki, tusimupeleke tu ule mbuzi?" Nimemwambia aliyeteuliwa haruhusiwi kusema.

Jumamosi, 8 Agosti

Niandike kwa utaratibu.

Saa tatu ukumbi umejaa. Umejaa hata madirishani! Nimejipongeza: njaa ya katuni. Lakini mama mmoja ameniambia kwamba Dédé alipita nyumba kwa nyumba akiwaalika, akisema babu yake anaingia mjini, asikose mtu. Adui gani anakujazia ukumbi? Anataka niaibike mbele ya wengi.

Saa nne umeme umekwenda. Skrini nyeusi. Watoto wameanza kupiga miguu chini. Madame Estelle ametazama saa yake. Nimempa Précieux ishara atoke mapema.

Précieux ametoka. Kisha mtoto mmoja mbele, sauti kama kengele: "Mama, mbuzi!" Ukumbi wote: "Mbuzi! Mbuzi!" Précieux amejaribu kuunguruma, jambo ambalo limekatazwa, na ndani ya ndoo limetoka kama mbuzi kweli. Akageuka kukimbia, ndoo imezunguka, ukingo wake umepasua manyoya ya shingoni, tundu la kupitisha yai. Madame Estelle amevua miwani. Nimeona Haut-Katanga nzima inaniondoka, kuanzia Mitwaba kushuka.

Hapo mlango umefunguliwa. Dédé. Shangazi. Nyimbo. Kichwa cha Lolo kimebebwa juu kama askofu.

"Bantu yote, muangalie! Huyu Mbuzi ameiba mwili wa nkambo, akamutilia kichwa ya ndoo!"

Kucheka peke yake hakukutosha, ilibidi nijibu. Na nimejibu! Yote niliyoyaweka moyoni wiki nzima nimeyatoa, bure, kwa ruhusa ya mababu. Nimesema Chui wa siku hizi hawawindi, wanajaza flash. Nimesema babu yake amelala siku mbili mbele ya bukari bila hata mkia wa samaki.

"Samaki ulikula weye!"

Nimesema atanizika vipi, naye kibanda chake tu kukifagia kunamshinda.

"Nitakuzika na ndevu zako, udongo ijue ni nani anaingia!"

Watoto walikuwa wanagaagaa chini. Wazee walikuwa wanafuta machozi. Shangazi wamemvua Précieux ndoo, wamezunguka na vitenge ili watoto wasione, wakamvisha kichwa. Vitenge vimeshuka: Lolo mzima! Na wakati huohuo umeme umerudi, skrini imewaka, wimbo wa Télé Pirouette umeanza. Kelele ya watoto imetikisa mabati.

Umeme umerudi wakati Dédé yuko mlangoni. Nimeliandika hili ili nisilisahau.

Familia zilizojiandikisha: mia moja na kumi na nne.

Madame Estelle amesema kwao pia kuna watani, ameelewa mchezo tangu jana alipoona chui anakula bukari juu ya kiti. Aliona! Amesema hajawahi kupata uzinduzi kama huu nchi yoyote. Anataka kipindi cha kila wiki, Chui na Mbuzi, kwa Kiswahili cha hapa, mimi na Dédé tukitaniana mbele ya watoto. Na uwakilishi wa Haut-Katanga ni wetu wawili, saini mbili, karatasi moja. Asiyetaka mwenzake, anaacha vyote.

Dédé amesaini kwanza. Bila kusoma! Mtu anayesaini bila kusoma amekwisha kusoma mahali pengine.

Nimesoma mara tatu. Nimesaini chini yake.

Jumapili, 9 Agosti

Baada ya misa Dédé amekuja kula. Ameleta jogoo, ameikomboa kompyuta yake, kisha amekaa mezani kwangu akafuta katuni zote za wizi, moja baada ya nyingine, mbele ya macho yangu. Amesema sasa tuko watu wa leseni. Amemsifu Claudine kwa mboga yake ya lengalenga. Amemwambia Précieux ana kipaji cha kuchora mbuzi. Amekwenda anacheka. Kuna kitu.

Claudine alikuwa amekaa na sindano tangu asubuhi, chui amelala mapajani. Alipomaliza nimemchukua Lolo chumbani nimkague kabla ya kumrudisha kwenye katoni.

Nimehesabu madoa. Mia moja arobaini na matatu.

Nimehesabu tena kuanzia mkiani. Mia moja arobaini na matatu!

Basi ndiyo hiyo. Siyo chui wangu. Siku mbili kichwa kilikuwa kwao. Muda wa kutosha kushona chui mwingine na kunibadilishia mbele ya ukumbi mzima, nyuma ya vitenge. Ndiyo maana shangazi walikuwa wanne. Ndiyo maana amesaini bila kusoma. Chui wa leseni yuko kwake, na mimi nimebaki na chui wa bandia.

Claudine ameingia akaniuliza kama kiraka kinaonekana. Lile tundu la shingoni, amesema, amelifunika kwa kitambaa cheusi cha mviringo, kifanane na mengine. Nimemjibu kinaonekana vizuri sana, aniache, ninafanya hesabu.

Kesho mapema ninakwenda kwa Dédé kubeba jenereta ya kibandani kwake. Nikiona ananikimbilia na waya, nitajua.