Mshahara Uliowekwa Darini

Jumatatu, 26 Juni 1972
Ukungu tangu asubuhi. Kiwanda cha mbao kimefungwa, na miezi mitatu ya jasho langu haijalipwa. Mashine zitauzwa tulipwe. Afisa Kazi wa Lushoto ametangaza kwamba siku za kupeleka madai zinaisha Ijumaa, tarehe 7 Julai. Ukichelewa, basi tena. Fanueli, tuliyekuwa tukivuta naye msumeno mmoja, amekimbilia huko leo leo. Limbukeni! Huyo ndiye mtu wa kuuza maharage mabichi. Mwenye akili huyaweka darini, juu ya moshi, akangoja wenzake waishiwe. Deni nalo likikaa linanenepa. Nitangoja.

Fedha hizo ni za kumpeleka mama hospitali, Bumbuli. Jicho moja limeshakufa. Daktari amesema la pili lisicheleweshwe.

Alhamisi, 29 Juni
Gulioni nimemkuta Fanueli, kifua mbele, ameshaandikishwa. Akanihimiza niende. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akajibu kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Mtu anaimba besi kanisani na bado hana adabu!

Jumatano, 5 Julai
Mpango umekamilika. Nitatokea siku ya mwisho, jioni. Afisa atakuwa amechoka, anataka kwenda kwake, hatakagua hesabu. Nitamwongezea mwezi wa nne. Nimefanya mazoezi ya kukohoa, kama aliyeumizwa na vumbi la mbao. Yudith, mke wangu, ameniambia nikakoholee nje, mama amelala.

Ijumaa, 7 Julai
Nimeshuka kwa miguu, nakohoa njia nzima. Lushoto bendera kila mahali, ngoma, gwaride. Ofisi ina kufuli. Sabasaba! Nchi nzima inajua. Mimi nilishika tarehe, sikukuu nikaisahau. Afisa Kazi nimemkuta uwanjani, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akasema leo hapokei madai ya mtu. Jana alikaa ofisini mpaka giza akiwangojea waliobaki. Hapo nikakohoa kweli.

Jumatatu, 10 Julai
Nimerudi ofisini. Afisa alisema kwa upole, na upole huo ndio uliouma, kwamba siku zimepita. Lakini kama nilikuwa na sababu, tuseme ugonjwa au msiba, angenisikiliza. Nikamwambia nilikuwa na mpango. Akafunika kalamu yake.

Nimelia njiani, tena kwa sauti. Fanueli atalipwa mwisho wa mwezi.

Alhamisi, 13 Julai
Mama hakunilaumu. Nilitamani anilaumu. Amemwambia Yudith amfungue mbuzi wake, huyo mmoja aliye naye, nikamuuze gulioni ili twende Bumbuli. Moyo uliniuma. Nilimshika kamba, tukafika mpaka njia panda, nikamtazama vizuri. Mbuzi mzuri. Bado ananenepa. Na Julai hii nani ananunua mbuzi? Krismasi bei itakuwa mara mbili! Fanueli angemuuza leo.

Nimemrudisha zizini. Mama aliusikia mlango; nikamweleza bei ya Krismasi, akauliza Krismasi ni lini. Nimemwambia si mbali.