Hema la Watu Watatu

Jumamosi, 3 Agosti

Mdomo umeniponza. Nimejifungia chumba cha cherehani.

Ilikuwa mezani, mchana. Binti yetu, ambaye nyumba nzima tunamwita Buti kwa sababu ya viatu vyake, alisema likizo hii anataka twende hifadhi za taifa, tatu mfululizo, tukalale porini. Nilikuwa tayari kusema tutaona. Tutaona ni neno zuri, limeniokoa miaka mingi. Lakini Shemeji alikuwepo. Huyu ni kaka wa mke wangu, muuza vipuri vya magari, na chakula kikiiva hakosi. Akacheka hadi akapaliwa, akaninyooshea kidole. Fundi aende porini? Fundi ambaye popo akiingia ndani anahama yeye? Basi Buti asijali, mjomba wake atampeleka kwa pikapu na atamwonyesha tembo wake wa kwanza.

Tembo wa kwanza wa mwanangu! Aonyeshwe na mtu ambaye hata kijiko anachokulia ni cha kwangu! Nikasikia sauti inasema kwamba nitakwenda, na hema lenyewe nitalishona mimi. Sauti ilikuwa yangu. Buti akanirukia na kunikumbatia, mikono imejaa mchuzi. Akasema mwakani akishaingia chuo cha askari wa hifadhi hatapata nafasi tena, na siku zote alitaka mimi niione kazi anayoitaka kabla hajaondoka.

Nilifurahi sana. Nilifurahi mpaka sahani zikaondolewa. Kisha nikakumbuka simba.

Jumapili, 4 Agosti

Naogopa. Humu hasomi mtu, kwa hiyo naandika wazi. Naogopa simba, nyati na nyoka. Fisi namwogopa zaidi kwa sababu anacheka kwanza. Naogopa choo cha porini. Zaidi ya vyote naogopa Buti ajue kwamba naogopa.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hiyo ningeitarizi kwenye foronya nikailalia. Tatizo ni kwamba kicheko chenyewe kitakuwa cha Shemeji.

Mpango wa kwanza: sare za shule. Nilimweleza mke wangu kwa huzuni kwamba kazi zimenifika shingoni, nikiondoka watoto wa watu watarudi shuleni bila kaptura. Mke wangu ni nesi. Miaka yote wagonjwa wamemwambia dawa wamemeza, na yeye anaziona zimefichwa chini ya godoro. Akanitazama hivyo hivyo. Akasema amekutana na mwalimu mkuu sokoni, na sare hazina haraka mpaka shule zifunguliwe. Kisha akaniongezea chai.

Mpango umekufa kabla chai haijapoa.

Ila nimepata faraja moja. Mke wangu haogopi kitu. Ameshona vichwa vilivyopasuka na akarudi nyumbani akala vizuri. Nikilala ubavuni kwake, upande wa ndani kabisa, huenda nikaweza.

Jumanne, 6 Agosti

Mazoezi. Buti aliamuru twende mpaka mnara wa simu kule kilimani na kurudi, kila mtu na begi zito mgongoni. Yeye anapanda kilima kile kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi.

Mimi nilitumia akili. Nilijaza begi mabaki ya sponji za makochi. Likatuna vizuri, likapendeza. Nilipanda napiga mluzi. Shemeji alikuwa nyuma yangu na madumu ya maji, jasho linamtoka hadi kwenye soksi. Nilimsubiri kila kona na kumuuliza kwa upole kama anajisikia vibaya. Sijapata siku nzuri kama hiyo tangu nioe.

Kule juu nikalitua begi ili nijinyooshe. Upepo ukavuma. Begi likainuka. Likaanza kuteremka kilima linadunda, likapita mbuzi wawili, likaingia kwenye shamba la watu. Shemeji alikaa chini kabisa ili acheke vizuri.

Buti hakucheka. Alilifuata begi, akalirudisha, akalifungua, akaangalia ndani, akalifunga. Afadhali angenisema. Jioni nimelikuta mlangoni kwa cherehani. Sponji zimetolewa, ndani kuna pasi yangu ya mkaa. Ameacha ujumbe kwa mama yake kwamba itakaa humo mpaka safari, ili mgongo wa Baba uzoee.

Alhamisi, 8 Agosti

Turubai limefika. La kijani, zito, linanuka mafuta. Kazi yenyewe ni hema la watu wanne: mimi, mke wangu, Buti, na Shemeji ambaye pikapu ni yake, hivyo hatuwezi kumwacha, ingawa nimetafuta namna.

Nilikuwa napiga chaki ndipo wazo likanijia. Hema la watu watatu.

Nikikosea kukata, nani ataninyooshea kidole? Fundi pia ni binadamu. Turubai likishakatwa halirefuki. Siku ya kulijaribu wataingia watatu, wa nne atakosa pa kulala, na baba mwenye huruma atajitolea kubaki nyumbani. Atahuzunika. Atasimama getini na kupunga mkono mpaka gari lipotee. Buti atanikumbuka nikiwa nimesimama hivyo, na hilo si jambo baya.

Kuhusu tembo na Shemeji, nimeamua kutofikiri.

Mchana Buti alikuja kunishikia turubai. Akaniomba nimfundishe ule mshono wa kukunja mara mbili usiopitisha maji. Nikamfundisha. Ana mkono mzuri, hakimbizi cherehani. Akasema huko chuoni akichanikiwa na kitu atakuwa anajishonea mwenyewe na kunikumbuka. Sindano ikanichoma kidole. Nilisema ni sindano ndiyo iliyonitoa machozi.

Alipoondoka nilikuwa bado sijakata upande wa mwisho. Nikachukua futi nipime upya, niongeze nafasi ya mtu mmoja. Nilitaka kweli. Mara jirani akacheka uani kwake, kicheko kirefu cha puani, na mimi nikadhani fisi.

Nikakata.

Jumamosi, 10 Agosti

Siku ya kulijaribu hema. Tumelisimamisha uani, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Limesimama imara, hilo lazima niseme. Buti akaingia. Mke wangu akaingia. Shemeji akaingia, na hema likajaa mpaka pembeni. Mimi nikabaki nje na mto wangu kwapani.

Kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga. Nikashika kiuno. Nikalizunguka hema nikitikisa kichwa, fundi aliyeonewa na hesabu. Hotuba nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo cha wateja. Nikavuta pumzi ya kuanzia.

Mke wangu akatoa kichwa nje ya hema. Akasema hakuna tatizo, yeye atabaki. Zahanati haina watu wa kutosha, na baba na binti wanahitaji kuwa pamoja. Aliyasema yote kwa mkupuo, bila kuvuta pumzi.

Nilipinga. Nilisema haiwezekani, mama ndiye nguzo. Nilisema nitalibomoa hema na kulishona upya usiku kucha. Buti akasema Mama ameshaamua. Shemeji akasema kutoka ndani kwamba kweli hema ni la watatu tu, na kwamba yeye hulala katikati.

Wakati wa chakula nimepewa paja la kuku. Paja hilo kila Jumamosi ni la Shemeji. Nikashtuka, nikamfuata mke wangu jikoni na kumuuliza kuna nini. Aliendelea kusugua sufuria. Akasema kwa sauti ndogo kwamba tangu Jumamosi ile hajapata usingizi. Damu haimtishi, mgonjwa anayepiga kelele hamtishi, lakini kitu chenye meno kikitembea gizani, hapana, hawezi. Amekuwa akitafuta sababu ya kubaki, na mimi, Mungu anizidishie, nimemkatia. Mstari wa chaki aliuona tangu Alhamisi.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimechimba na nimeingia, na mke wangu yuko juu ananiombea heri. Siwezi kumsema. Nikimsema yeye nimejisema.

Ubavu niliokuwa naugemea haupo. Nitalala na Shemeji.

Jumatano, 14 Agosti

Mimi ni mzima. Naanza na hilo.

Jana jioni tulifika hifadhi ya kwanza. Mahali pa kulala ni uwanja wa majani karibu na mto. Askari wa hifadhi, mtu mpole mwenye bunduki, alitueleza kwamba giza likiingia tusitoke hemani kwa sababu yoyote, kwani hakuna uzio. Nilimwomba arudie pale kwenye uzio. Akarudia, na ulikuwa bado haupo.

Shemeji naye alisikia. Akafikiri kidogo, kisha akasema siku hizi wezi wamezidi, lazima mtu mmoja alinde pikapu. Wezi, katikati ya nyika! Akaingia, akafunga milango, akapandisha vioo. Kwa hiyo hema langu la watu watatu lililaza wawili, na nafasi ya mke wangu ilikuwa hapo, wazi, inaniangalia.

Nilikuwa macho kitu kilipokuja. Kwanza nilisikia majani yanang'olewa. Ilikuwa sauti ya kitambaa kinachochanwa, pande baada ya pande, na mimi sauti hiyo naijua. Kisha pumzi, nzito, karibu. Kisha turubai likasogea ndani.

Nilikuwa na mpango. Kuna zipu, kuna mbio, kuna mlango wa pikapu. Kama Shemeji hafungui, nitavunja kioo chake, na nakiri wazo hilo halikunisikitisha. Nikashika zipu.

Mkono ukashika pindo la shati langu.  Buti akaninong'oneza kwamba nisitoke, anaogopa.

Buti! Neno hilo sijalisikia kwake tangu aanze kutembea. Nikaachia zipu. Nikapapasa begi langu, nikatoa ile pasi ya mkaa ambayo hakuna aliyekumbuka kuiacha nyumbani, nikakaa kati yake na ule upande uliokuwa unasogea. Nisijidanganye humu ndani: ushujaa haukuwepo. Meno yalikuwa yanagongana. Lakini sikuondoka pale. Kile kitu kilikula, kikapumua, kikaenda. Hatimaye mwanangu akalala, shati langu bado mkononi mwake. Sikulivuta mpaka kulipokucha.

Asubuhi askari alikuja akatuonyesha nyayo. Kiboko. Amepita katikati ya hema na pikapu, kama kawaida yake, anatoka mtoni kula majani. Akasema aliyetulia ndani hana shida na kiboko. Anayetoka mbio gizani na kumkatia njia ya kurudi majini, huyo hurudishwa kwao kwenye turubai.

Niliomba kukaa chini.

Buti akamwambia askari kwamba baba yake alikesha na pasi mkononi. Askari aliiangalia ile pasi kwa muda, akanipa mkono. Shemeji alikubali kushusha kioo jua lilipopanda, na hata hapo kidogo tu.

Ijumaa, 16 Agosti

Hifadhi ya pili. Tumemwona tembo wa kwanza. Alikuwa amesimama chini ya mti wa miiba na mtoto wake, anajipulizia vumbi. Shemeji alikuwa amesinzia kwenye usukani baada ya kulinda gari usiku kucha. Mimi nilikuwa natazama upande mwingine kwa sababu nilishaona kichaka nisichokiamini. Buti ndiye aliyenigeuza kichwa kwa mikono miwili, akanionyesha.

 Mwakani atakuwa na hawa, mimi nitakuwa na cherehani. Niliogopa tena, lakini si tembo.

Jumapili, 18 Agosti

Hifadhi ya tatu imepita bila kisa na tumerudi salama. Nyumba ina kuta. Nimezigusa zote.

Mezani Buti amesimulia habari ya kiboko mara mbili, na pasi inazidi kukua. Mke wangu alisikiliza ameshika kifua, akanitazama jinsi alivyonitazama siku za uchumba. Ningemeza mate na kunyamaza, ningekuwa mtu mwenye furaha leo. Lakini Shemeji alishushia chakula kwa maji, akasema kiboko si lolote, ni ng'ombe wa majini. Wanaume hupimwa mlimani, kwenye baridi ya kukata masikio, kwenye chui. Na Fundi, akasema, hawezi kulala kwenye baridi.

Nikasikia sauti inasema Desemba tutapanda mlima. Na mifuko ya kulalia nitaishona mwenyewe.

Buti ameshatandika ramani sebuleni.

Sasa niko chumba cha cherehani. Nimejifunza, siku hizi sikurupuki. Kosa la hema ni kwamba lilikuwa la wote, mtu yeyote angeweza kuniwahi. Mfuko wa kulalia ni wa mtu mmoja. Wangu nimeupiga chaki uishie magotini. Hakuna mtu mwenye akili atakayempandisha mlima mzee wa watu magoti yako nje. Nitahuzunika. Nitasimama getini. Safari hii mpango hauna tundu.

Mke wangu ameingia kuniletea chai. Akauangalia mstari wa chaki. Akarudi kufunga mlango, akaja karibu, akaomba na wa kwake niupunguze.