Uhuru wa Kioo cha Bwana Cleopa

Jamani, kama ya Vitalis na gunia la sukari hayajawafikia, sogeeni, maana Kilosa nzima imecheka mpaka mbavu zimeomba likizo, na Kimamba mpaka leo hawajanyamaza.

Ilikuwa ile masika ambayo sukari ilipotea madukani kabisa. Watu walikuwa wanainusa mikebe mitupu kama wanaaga maiti. Na kule Kimamba, Mzee Gabrieli alikuwa na binti yake, Letisia, mzuri kiasi kwamba hata treni ya mizigo ilikuwa inapunguza mwendo. Wachumba walikuwa wawili: Nikolaus, karani wa mkonge, mwenye kazi, baiskeli na mdomo mzito, na Vitalis, mwenye suruali ya pekosi iliyopanuka chini, viatu vya raizoni vya soli nene, na mdomo. Mzee Gabrieli akawaita wote wawili, akawaambia bila kupepesa macho:

"Mahari mtanipa hata kidogo kidogo. Lakini wageni wangu hawatakunywa chai ya chumvi. Atakayetangulia na gunia la sukari ndiye mkwe wangu. Nimemaliza, nendeni."

Nikolaus akaenda kupanga foleni. Vitalis hakuwahi kupanga foleni tangu azaliwe.

Siku hiyo mvua inamwagika, Vitalis amejibanza kwenye baraza la fundi cherehani pale Magomeni ya Kilosa, akaliona Pijo, gari la Bwana Cleopa, linakuja taratibu. Bwana Cleopa mwenyewe kichwa kiko nje ya dirisha kama kobe, kofia inachuruzika maji, mkono mmoja usukani, mkono mwingine unajifuta macho. Gari lilikuwa halina waipa za kupangusa kioo. Zilikuwa zimeibwa, na Morogoro nzima huzipati hata kwa machozi.

Huyu Bwana Cleopa ndiye meneja wa duka la ushirika. Kila mtu alijua kwamba dukani kwake sukari imekwisha. Kila mtu alijua pia kwamba nyumbani kwake chai ni tamu mpaka nzi wanahamia.

Akasimamisha gari, akamlalamikia fundi cherehani kwa sauti ya mtu aliyelowa mpaka kwenye soksi.

"Fundi, nimekwisha! Bosi wangu kutoka Dar anashukia Mikumi keshokutwa, nikamchukue mimi mwenyewe. Nikifanya vizuri nahamishiwa Morogoro, ofisi yenye feni. Sasa nitampakiaje na kioo hiki? Naendesha kwa kukisia!"

Vitalis pale kwenye kona akahisi masikio yanawasha. Kioo hakioni. Sukari ipo. Katikati ya vitu hivyo viwili kuna nafasi ya mtu mmoja tu, mwenye viatu vya raizoni.

Usiku haukuwa na mambo mengi. Kisiki cha mshumaa, mafuta ya taa, akapasha moto taratibu, akatia karafuu ili harufu iwe ya kitaalamu, akamimina kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Basi. Wanasayansi wengine wanapewa nishani kwa kidogo kuliko hicho.

Asubuhi akatua mbele ya duka la ushirika. Foleni ndefu, na Bwana Cleopa amesimama mlangoni anawaeleza watu, kwa mara nyingine, maana ya neno "uvumilivu". Vitalis akampita wima bila shikamoo. Foleni nzima ikashika vinywa. Kijana kumpita mzee mzima bila shikamoo!

"Wewe!" Bwana Cleopa akafoka. "Kwenu hawakukufunza adabu?"

"Nani, mimi? Mnyamwezi amwamkie Msagara?" Vitalis akaweka mikono kiunoni. "Babu zangu wakipita hapa na misafara, babu zako walikuwa wanajificha nyuma ya migomba! Nikupe shikamoo ya nini, mtani?"

Kicheko kikapasuka. Bwana Cleopa naye, uso ukalegea palepale. Mtani! Wasagara na Wanyamwezi, utani wao ni wa tangu enzi za misafara: mtani anakutukana, anakunyang'anya kofia, na wewe unacheka tu. Ukikasirika wewe ndiye mwenye kasoro. Na mtani, jamani, nani anamshuku mtani?

Sasa niwaambie na hili, mlitunze: Vitalis kwao Mbinga. Tabora ya Wanyamwezi aliiona imeandikwa kwenye behewa tu.

"Ondoka hapa, mbeba mizigo wewe!" Bwana Cleopa akajibu kwa furaha. "Umekuja kuiba nini?"

"Nimekuja kukuonea huruma. Gari lako kipofu." Akatoa chupa. "Hii inaitwa Uhuru wa Kioo. Nchi imejitawala, mtani, kioo chako bado kinatawaliwa na maji! Waipa ni utegemezi. Mzungu akiacha kukuletea waipa, unakaa gizani. Kioo cha kisasa kinajitegemea!"

Foleni ikapiga makofi. Walikuwa wamesimama hapo tangu alfajiri; wangelipigia makofi hata jiwe.

Vitalis akapaka pembe moja ya kioo, akasugua, akaomba kikombe cha maji, akamwaga. Lo! Maji yakajikunja vishanga, yakateleza yote kama yako kwenye jani la gimbi. Pembe kavu. Bwana Cleopa akasogeza pua karibu, akanusa karafuu, macho yakamtoka.

"Unataka nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

Vitalis akainama sikioni. "Gunia."

"Gunia la nini?"

"La kile ambacho hakipo."

Bwana Cleopa akakohoa, akaitazama foleni, akanong'ona: "Linakaa kwenye buti. Na wewe unakaa mbele na mimi. Nikifika Mikumi naona njia, gunia lako. Nisipoona, unarudi kwa miguu na simba."

Wakakubaliana. Kesho yake Vitalis akapaka kioo kizima kwa bidii, mpaka pembeni. Alichosahau ni kitu kimoja kidogo: hakukiosha. Dawa ya aina hiyo inataka kioo kilichosafishwa, kikakauka, halafu upake kidogo sana na usugue mpaka usiione tena. Yeye alipaka nene, juu ya vumbi, juu ya masalia ya panzi, kama anasiliba ukuta.

Mwanzo safari ilikuwa raha. Mvua inapiga, matone yanakimbia juu ya kioo kama panya waliofumaniwa. Bwana Cleopa anaimba tenzi za kanisani. Wamepita kijiji cha Ulaya, hapo ndipo likapishana nao lori, likawamwagia tope zito. Mshumaa na tope, jamani, ni ndugu wa damu. Vilishikana. Kioo kikawa ugali.

"Mtani, sioni!"

"Kulia kidogo!" Vitalis kichwa nje. "Kushoto! Mbuzi! Kulia! Sasa nyoosha!"

"Huu ndio uhuru uliouleta?"

"Uhuru una mapito yake, mtani!"

Karibu na Mikumi gari likazima lenyewe, kwa uchovu nafikiri. Bwana Cleopa akanyoosha kidole. "Shuka. Pangusa."

Vitalis akashuka, akaweka chupa ya dawa juu ya boneti, akavua shati lake zuri, akasimama mbele ya boneti ameinamia kioo, anasugua huku mvua inamchapa mgongo.

"Vipi sasa?"

"Kijivu!" Bwana Cleopa akapiga kelele kutoka ndani.

Akasugua kwa nguvu. "Na sasa?"

"Bado kijivu! Sugua!"

"Huo mkono wangu unauona?"

"Mkono nauona vizuri. Nyuma yako ndiko kijivu." Akasogeza pua kwenye kioo. "Mtani... hiki kijivu kina sikio."

Vitalis hakugeuka. Aliingia garini kupitia dirishani, kiatu kimoja cha raizoni kikabaki barabarani. Tembo akakinusa kile kiatu, hakukipenda. Akaisogelea chupa iliyobaki juu ya boneti, akavuta ile harufu ya karafuu, akapiga chafya moja ambayo Bwana Cleopa anasema ilizima hata mvua. Halafu, labda kwa hasira, labda kwa usafi tu, akavuta maji mtaroni mkonga mzima, akayapulizia kioo. Yote. Akarudia. Akaondoka zake polepole, kama mtu aliyemaliza zamu.

Tope lote likaondoka. Kioo kikang'aa! Matone yakateleza, na gari nalo likawaka.

Wakaingia Mikumi wamenyooka kama viongozi. Bosi kutoka Dar alikuwa amekaa kwenye mgahawa wa Mama Raheli, pale madereva wa malori ya Zambia wanapokula, anakunywa chai isiyo na sukari, uso umekunjamana kama karatasi iliyotupwa.

"Shikamoo, mzee," Bwana Cleopa akasema, akavua kofia.

"Marahaba. Umekuja kwenye mvua hii bila waipa? Na kioo safi namna hii?" Bosi akalizunguka gari. "Cleopa, mtu kama wewe tunamhitaji Morogoro."

Bwana Cleopa akavimba kama andazi. Vitalis naye, mguu mmoja peku, akahesabu ushindi wake. Letisia huyoo.

"Basi tieni mizigo yangu," bosi akasema, na mwenyewe akafungua buti.

Madereva wakaacha kutafuna. Mle ndani gunia limekaa, jeupe, limenona, limeandikwa SUKARI kwa herufi ambazo hata aliyeacha kisomo cha watu wazima angezisoma.

"Hili gunia la nani?" bosi akauliza taratibu.

Kwa kasi ambayo hajawahi kuionyesha dukani, Bwana Cleopa akajibu: "La mtani wangu huyu! Nimempa lifti tu."

"Kweli, kijana?"

"Langu kabisa, mzee! Tumenunua kwa kuchangishana, ukoo mzima, Tabora huko." Vitalis moyo ukamruka kwa raha. Limetangazwa kuwa lake hadharani, mbele ya bosi!

Mama Raheli akaweka sufuria chini. Mama mnene, taratibu, macho madogo yanayocheka.

"Tabora? Mnyamwezi wewe?"

"Mnyamwezi damu, mama!"

"Na umeniona mimi Msagara, hujanisalimia hata kwa tusi?" Akapiga kigelegele. "Mtani wangu huyu jamani! Kaniletea sukari!"

Akalivuta gunia, likaanguka chini puu, akalikalia. Lote. Madereva wakashangilia.

"Mama, hilo gunia..."

"Kasirika!" Mama Raheli akamwambia kwa upole. "Kasirika tuone, maana Mnyamwezi wa kweli hakasirikii utani. Akikasirika si mtani. Na kama si mtani, bosi hapa atataka kujua ni nani, na sukari kaitoa wapi."

Vitalis akamtazama Bwana Cleopa. Bwana Cleopa akatazama mawingu. Bosi alikuwa anasubiri.

"Ha," Vitalis akasema. "Ha, ha, ha."

Kilikuwa kicheko kikavu mno, ungeweza kukiwashia jiko.

"Huyo ndiye mtani!" Mama Raheli akamgonga bega. "Na wala siilambi peke yangu. Naipeleka Kimamba kwa kaka yangu Gabrieli, mtoto wake Letisia anaolewa. Njoo na wewe, arusi bila watani haichangamki."

Kimamba, Mzee Gabrieli alipoona dada yake amefika na gunia, akashusha pumzi ya wiki nzima. "Sukari imepatikana," akasema. "Sasa tunaweza kuangalia mtu. Yupi kati ya wale wachumba wawili ana kazi?"

Siku ya arusi birika la chai alipewa mtani. Vitalis akamimina kikombe baada ya kikombe, meza hadi meza, amevaa viatu vya kuazima, mpaka akafika kwa bwana arusi. Nikolaus akaonja, akafikiri kwa muda mrefu kama kawaida yake, halafu akainua kikombe.

"Niongeze sukari kidogo, mtani."

Letisia naye akasogeza chake.

Ukumbi mzima ukawa unamtazama. Vitalis akawaongezea, vijiko vyote walivyotaka, kisha akacheka.