Ombi la Kumshusha Shemeji Yangu Kwenye Mashua ya Watu Wanane

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Shirikisho la Mchezo wa Makasia,
Ghorofa ya pili, mlango unaotazamana na choo.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na meza yako, na ile feni niliyoahidi kuja kuitengeneza, ambayo sijaisahau. Mimi ni mpiga makasia wa kiti namba tano kwenye mashua ya taifa ya wanaume wanane. Ukitaka kunikumbuka haraka, ni yule mwenye mabega. Kazi yangu ya siku zote ni ufundi wa mafriji. Kwenye mchezo huu niliingizwa na kocha, baada ya kuniona nikipandisha friji la milango miwili hadi ghorofa ya nne peke yangu. Nilipumzika mara moja tu, tena kwa ajili ya kumsalimia mtu.

Shule niliiacha njiani, hilo sikatai, lakini dunia nimeiona. Nimefika nchi nne, ingawa mbili kati ya hizo niliishia uwanja wa ndege. Kwa hiyo usinichukulie kama mlalamikaji wa kibarazani. Mimi nalalamika kimataifa.

Nimesikia kamati yenu inakaa Alhamisi kuamua nani atashika usukani wa mashua yetu kwenye mashindano ya mwakani. Aliyepo sasa ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye kila mtu anamwita Kipaza kwa sababu ya sauti. Naomba, kwa heshima zote, ashushwe. Sababu zangu nimezipa namba ili zisigombane.

1. Hapigi kasia. Wengi hawalijui hili. Mashua inaitwa ya watu wanane, lakini ukihesabu vichwa ni tisa. Wanane tuna kasia moja moja. Wa tisa ana kamba mbili za usukani, na kipaza sauti kilichofungwa kichwani kwa mkanda. Sisi tunatoa jasho, yeye anatoa maneno. Na tukifika mwisho anahema kuliko sisi. Nilipomuuliza anahema nini, akanijibu, "Shemeji, kuwavumilia watu wanane si kazi ndogo."

2. Ni mwepesi kupita sheria. Kanuni za kimataifa zinataka mshika usukani asipungue kilo hamsini na tano. Kipaza, akiwa ameshiba, ana hamsini na moja. Kwa hiyo tunapewa mfuko wa mchanga wa kilo nne na kuuweka miguuni pake. Nakuomba, Mheshimiwa, ulitafakari jambo hili taratibu. Nimekula mayai mwaka mzima nipate nguvu za kusukuma mashua, halafu napakiziwa mchanga kwa sababu mtu mzima na ndevu zake hataki kunenepa. Mama mkwe anamtetea. Anasema mwanawe ana mifupa ya kistaarabu.

3. Ni yeye peke yake anayeona mbele. Kwa faida ya wajumbe wapya wa kamati: mpiga makasia hukaa akitazama alikotoka. Mashua inakwenda huku, uso uko kule. Wanaume wanane, wenye wake na leseni za udereva, tunakimbia kinyumenyume kwa mwendo wa baiskeli ya mtu aliyechelewa kazini, tukimwamini mmoja mwenye mchanga miguuni. Niliwahi kupendekeza kila kiti kipewe kioo cha pembeni kama cha gari. Kocha alinijibu kwamba nikigeuza tena shingo katikati ya mbio atanirudisha kwenye mafriji.

4. Ni mwongo. Haya matatu ya juu ningeyameza, ni shemeji yangu. Hili la nne ndilo lililonishikisha kalamu.

Mwezi uliopita, kama unavyojua, tulikwenda kwenye mashindano ya mataifa. Zilijiandikisha mashua sita, na fainali ni ya mashua sita, kwa hiyo tulifuzu kwa kishindo. Siku ya fainali taa ikawaka, tukaondoka. Mita mia mbili za mwanzo niliwaona wenzetu ubavuni, kulia na kushoto. Baada ya hapo wakaanza kupotea machoni mmoja mmoja, hadi yakabaki maji matupu.

Sasa naomba unielewe. Maisha yangu yote natembea nikitazama mbele kama binadamu wengine, na kitu nikishakipita siwezi kukiona tena. Isitoshe, bwawa letu la mazoezi ni lile la maji ya mji, halina mashua nyingine hata ya kusingizia. Maji matupu ndiyo picha pekee ninayoijua mimi nikiwa kwenye kiti changu. Nikahitimisha kwamba tumewaacha mbali mno, hata macho hayafiki.

Na huku Kipaza kwenye spika chini ya viti vyetu anatangaza: "Tuko wa tatu, wazee. Wa tatu. Huyo wa pili namwona kisogo, anachoka huyo. Namba tano, mabega hayo uliyaleta ya nini?"

Basi nikavuta. Mbele yangu kuna mgongo wa Mwokaji, yule anayeoka mikate, kiti namba sita. Alikuwa analia na anavuta. Mimi nilivuta mpaka nikamwona marehemu babu yangu, naye akaniambia niongeze. Mita elfu mbili, Mheshimiwa. Wa tatu, wa tatu, wa tatu, mpaka king'ora cha mwisho.

5. Alituacha tumtupe majini. Mchezo huu una desturi yake duniani kote. Washindi wakishuka humbeba mshika usukani wao na kumrusha majini, ndiyo asante yenyewe. Nasi kwa hesabu zetu wa tatu ni ushindi, maana nchi yetu haijawahi kupata medali ya kitu chochote kinachoelea.

Tulipofika kwenye gati la kuelea tukamkamata, wanne mikono, wanne miguu, tukahesabu hadi tatu kwa heshima ya nafasi yetu. Hapo alikuwa na muda wa kutosha wa kusema ukweli. Alichosema ni, "Shemeji, nivueni saa kwanza." Mwokaji akamvua saa. Kipaza akafumba macho, nasi tukamrusha.

Mtu huyu anaogelea kama pasi. Boti ya waokoaji ilikuja mbio na boya. Msimamizi mmoja akatuuliza kwa ishara kama mwenzetu ameanguka au tumegombana. Kwenye gati la pili washindi wa kweli walikuwa ndiyo kwanza wamemnyanyua wa kwao. Wakabaki wamemshika hivyohivyo hewani, wakitutazama kama wenye harusi wanavyowatazama wageni waliokuja na keki yao. Nikafuata macho yao hadi juu ya vichwa vyetu, na huko kulikuwa na ubao wa matokeo, mkubwa kama ukuta wa ghala. Sisi wa sita. Waliokuwa wa tano walikuwa wameshavaa viatu.

Picha ya Kipaza akiwa hewani imezunguka dunia nzima. Kwenye picha hiyo mimi ndiye ninayecheka kuliko wote.

6. Nilikuwa nimeshapiga simu nyumbani. Hapa naandika kwa shida kidogo. Simu niliiazima kwa mtu pale gatini Kipaza akiwa bado anatolewa majini, kabla sijauona ule ubao. Sebuleni kwa mama mkwe kulikuwa na majirani, na viti vya kuazima hadi mlangoni. Nilipowaambia wa tatu, nilisikia nyumba nzima ikipiga makofi. Mama mkwe akapanda juu ya stuli, akaishusha picha yake ya harusi ukutani, ili msumari ubaki wazi kwa ajili ya medali. Picha ameshairudisha, lakini kaiegemeza kabatini. Msumari bado uko wazi, na kila nikienda kumsalimia ananiketisha kwenye kiti kinachoutazama.

Dukani wateja wananiita Shaba. "Shaba, friji langu haligandishi." "Shaba, friji hili tangu ulipolishika limekuwa la sita." Mke wangu yeye aliniuliza maswali mawili tu.

"Baba watoto, kwani wewe ulikuwa huoni?"

Nikamwambia nilikuwa natazama nyuma.

"Na waliokuwa nyuma yenu walikuwa wangapi?"

Nikamwambia hakuna. Akaendelea kukunja nguo.

7. Kutokana na hayo yote naomba kamati iamue yafuatayo. Kwanza, Kipaza ashushwe. Pili, ikiwezekana cheo chenyewe cha mshika usukani kifutwe kabisa duniani, na shirikisho letu liandike barua ngazi za juu. Niko tayari kusaidia maneno. Tatu, mfuko wa mchanga ubaki, upewe kiti cha Kipaza, maana umesafiri nasi mwaka mzima na haujasema uongo hata siku moja. Nne, kama hayo yatashindikana, basi matokeo ya mchezo huu yawe yanahesabiwa kuanzia upande ule tunaoutazama sisi wapigaji. Ukiyahesabu kwa upande huo, Mheshimiwa, sisi ni mabingwa, na naomba medali zetu zitumwe pale nyumbani kwa mama mkwe, palipo na msumari.

Sina zaidi. Msalimie katibu wako, na mwambie kalamu aliyoniazima mwaka jana ndiyo hii. Msalimie mlinzi wa getini aliyenizuia nikiwa na jezi ya taifa, simdai kitu moyoni. Wasalimie wajumbe wote wa kamati, hata yule anayelala.

Ni mimi mnayenitegemea,
Kiti namba tano.

Nyongeza. Barua hii niliimaliza Jumapili. Jumatatu kocha alitujaribisha na mshika usukani mpya, karani wa mahakama, mtu safi, mkweli, kilo hamsini na tano bila hata kokoto. Kocha akasema tushindane na muda wetu wenyewe wa siku ile ya fainali. Tulipofika mita mia tano karani akasoma saa, akasema, "Mmechelewa sekunde nne." Mita elfu moja akasema, "Mmechelewa sekunde kumi na moja, na kwa mwendo huu hamtaufikia." Alikuwa sahihi kabisa. Na palepale mikono kumi na sita ikakumbuka kwamba imechoka. Mwokaji aliweka kasia chini akaanza kuzungumzia unga. Tulisimama katikati ya bwawa, tukarudishwa kwa kamba.

Kocha akatuonyesha karatasi. Siku ile tuliyokuwa wa sita tulikwenda sekunde tisa chini ya muda wetu bora wa maisha. Sekunde tisa, Mheshimiwa. Hazikutoka kwenye mayai.

Nilimwita Kipaza dukani. Akakaa juu ya kompresa mbovu, nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Shemeji, ningewaambia wa sita mngevuta kama watu wa sita." Na kutupwa majini je? Akainua mabega yale asiyokuwa nayo. "Mlikuwa mmefurahi sana. Nikaona bora nilowe."

Kwa hiyo naomba ufute namba moja hadi saba. Kuichana barua nimeshindwa, maana ni kurasa tano, mwandiko wangu haujawahi kutoka vizuri namna hii, na mke wangu ameshaisahihisha. Namba mbili ibaki, ila ibadilishwe: mchanga upungue kilo moja. Sasa ana hamsini na mbili. Namlisha mimi.

Barua hii anakuletea yeye mwenyewe, kwa kuwa anapita hapo kwenu akienda kazini. Saa hizi unapoisoma yuko kwenye lile benchi la nje, saa yake mkononi, anajifanya anasoma matangazo ya ukutani. Kiti kile ndicho kitu pekee anachokitaka hapa duniani, ila hawezi kukuomba. Sauti yake yote iliishia kwetu. Nimemwambia humu ndani nimemsifu tangu mstari wa kwanza, na usinigeuke. Mwite ndani. Akikuuliza wajumbe wameelekea wapi, mwambie yeye ndiye anayeongoza. Hata kama hamjaanza kupiga kura.