Sanduku la Maoni na Jasusi wa Geti la Nyuma

Jumapili, 18 Mei 2025
Jengo hili la Pearl, huku ughaibuni kwa Waarabu, limesimama kwa sababu yangu. Wapangaji hawajui. Mhandisi hajui. Mimi Twaha, mwana wa Muheza, mlinzi wa geti la nyuma, najua. Leo nimemaliza sura ya tatu ya riwaya aliyoiacha mpangaji: majasusi wa Venisi, miaka mia tano iliyopita. Kiingereza chake kigumu, ila nilipokwama nilijaza mwenyewe, ikawa tamu zaidi. Na mtaa wa jirani umejengwa kwa mfano wa Venisi hiyo hiyo, mifereji na vidaraja. Hii si bahati. Ni wito.

Jumanne, 20 Mei
Joto nyuzi arubaini na tatu. AC ya kibanda imekufa, feni inapuliza moto. Nafasi ya lobi, ule ukumbi wa mapokezi wenye kiti na baridi, iko wazi. Suleimani, msimamizi wetu Mzanzibari, atamtaja mtu Jumamosi. Tunaoitaka ni wawili: mimi na Wesley, Mkenya wa geti la mbele. Leo nimemfuma akinong'ona na Phoebe, yaya wa ghorofa ya sita. Phoebe akaandika kitu kwenye karatasi. Waliponiona, karatasi ikapotea. Nikauliza kuna nini. Wesley akasema hakuna kitu, mzee, kunywa maji. Kunywa maji! Ndivyo wanavyoanza.

Alhamisi, 22 Mei
Wasafishaji nao wameandika. Dereva wa basi letu pia. Njama! Venisi ya kitabuni kuna simba wa mawe: unamtia barua ya siri mdomoni, adui anakamatwa kabla ya chakula cha mchana. Sisi kambini Al Wukair, wanakolala wafanyakazi, tuna sanduku la maoni, kando ya mashine ya maji. Nimechana karatasi kwenye daftari la matukio, nikaandika kwa mkono wa kushoto kwamba Wesley anakusanya watu kumpindua Suleimani. Jina sikuweka. Kazi safi. Ni damu: marehemu babu alimpiga chenga Mjerumani mara mbili, tena akiwa na homa.

Jumamosi, 24 Mei
Nimeitwa ofisini. Wesley yumo. Barua iko mezani. Suleimani akanionyesha pale juu: kila karatasi ya daftari imepigwa chapa, namba ya ukurasa na jina la geti. Geti la nyuma, ukurasa wa 47. Zamu yangu. Nikasema ni upepo.

"Upepo huo, Mjomba, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

Kisha Suleimani akanisogezea karatasi ya Wesley. Majina thelathini na moja. Wanaomba Mjomba Twaha apewe lobi, goti lake limeharibika, kiangazi hiki hatakimaliza nje. Jina la kwanza, Wesley mwenyewe.

"Tungekuambia ungekataa, mzee," Wesley akasema taratibu. "Ungesema uko na miguu ya chuma."

Nikasema ninayo. Hakuna aliyecheka. Nikamwomba radhi kwa sauti ya chini, ya kijasusi. Suleimani akanipa onyo la mdomo, kisha lobi.

Jumatatu, 26 Mei
Lobi! Barua yangu imefanya kazi kama nilivyopanga: ilimlazimisha Suleimani kuitoa ile orodha. Wesley hajui nilivyomsaidia kunisaidia. Ila Olivia wa mapokezi ananitia shaka. Kaniletea mto wa kochi, kauweka, kaenda zake. Kwa nini? Sura ya nne mtu kazibwa pumzi kwa mto. Nimeshaanza kuandika ripoti juu yake.

Hili liishie humu humu: nilidhani kuchechemea kwangu hakuonekani. Miaka miwili nimekuwa nikisimama wima kila watu wakipita, nikisaga meno. Mto nimeuweka chini ya goti. Ni laini.