Zaburi ya Jumapili na Sahani ya Sambaza

Jumatatu, 10 Juni
Nimekwisha. Nimemwambia Maman Virginie, mama wa mchumba wangu Fabiola, kwamba kwenye kwaya yetu mimi ndiye ninayeimba zaburi. Chai yake ilikuwa tamu, ulimi ukateleza. Sasa Jumapili anatoka Mudaka kuja kunisikia. Anayeimba zaburi ni Modeste. Mimi nasimama mstari wa mwisho, karibu na nguzo.

Jumatano, 12 Juni
Nimemwomba mwalimu wetu, Papa Polycarpe, anipe zaburi. Akanisikiliza kidogo tu. "Mutoto, unaimba na shingo. Pumua ku tumbo, mabega iache chini." Akaniagiza nilale chali, kitabu cha nyimbo juu ya tumbo, nikipumua hadi kiinuke na kushuka. Baada ya miezi michache tutaona. Miezi! Nimejaribu nyumbani. Nikasinzia.

Ijumaa, 14 Juni
Njia ya mkato ipo. Nimempelekea Akonkwa, mpiga kinanda, sahani ya sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani. Jumapili atapandisha zaburi toni mbili. Modeste akikwama huko juu, toni irudi chini, nami nitokee nyuma ya nguzo kuiokoa misa. Akonkwa amekubali, mdomo umejaa.  

Jumapili, 16 Juni
Maafa. Maman Virginie benchi la pili, kitenge kipya. Kabla ya misa Modeste akanijia. Fabiola, anayejua uongo wangu, alikuwa amemweleza shida yangu. "Ndugu, imba weye. Mukwe wako iko pale." Nilitaka kulia kwa furaha. Kinanda kilipoanza ndipo nikakumbuka. Nikamkonyeza Akonkwa ashushe. Akadhani namkumbusha, akaongeza toni ya tatu. Mabega yakanifika masikioni. Sauti ikatoka kama ya jogoo anayejifunza kuwika, kisha ikakatika. Padri akatazama dari. Modeste akaipokea zaburi kutoka kwenye nguzo, toni ileile, mabega yametulia, akaifikisha mwisho.

Jumatatu, 17 Juni
Ndoa bado ipo! Maman Virginie ameniletea asali ya koo, pamoja na ombi moja: siku ya harusi yetu, zaburi aimbe yule kijana wa kwenye nguzo. Nimekubali kwa adabu zote. Papa Polycarpe naye anataka nianze lile zoezi la kitabu leo. Leo sina nafasi. Naenda sokoni kumnunulia Akonkwa sambaza nyingine, afunge mdomo kuhusu zile za Ijumaa.