Gari Fupi la Muhanna

Siku ile mjinga alikuwa Muhanna, na mwenyewe hakatai. Anachobishania ni kiasi tu.

Habari iliyowasha moto aliileta Upepo, mwenye kibanda cha kupunguza na kujaza upepo wa matairi pale Bidiya, lami inapoishia na mchanga wa jangwa kuanza. Kiwanda, alisema, kinaacha kutengeneza magari mafupi ya milango miwili. Yatabaki marefu, ya milango minne. Kwenye busati la kibandani, birika la kahawa katikati, habari ikapokewa kama ya msiba. Macho yakamgeukia Muhanna, maana gari fupi lililosimama nje alikuwa amepewa na muuzaji alijaribu, na jioni hiyo ilikuwa ama alinunue ama alirudishe.

Muhanna akalitetea. Fupi halilalii tumbo juu ya kilele cha mchanga. Refu likifika pale juu linakwama, magurudumu yananing'inia kama miguu ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Fupi unaligeuza kwa kiganja kimoja, na kingine kimeshika kikombe.

"Na abiria wa nyuma?" Upepo akauliza.

"Anakunja kiti cha mbele, anapita."

"Akitaka kushuka?"

"Hivyo hivyo."

"Mbona Ijumaa haikuwa hivyo hivyo, shekhe?"

Muhanna akajifanya anatafuta tende.

Ijumaa alikwenda kuposa. Ami yake, Mzee Hamdan, alikaa mbele kwa heshima ya umri. Mama akakunjwa nyuma, sinia la halwa mapajani. Walipofika, wanaume wa nyumba ile walishajipanga mlangoni, na mbele ya safu kama ile mtu hageuki nyuma. Ami akashuka, akafunga mlango. Muhanna akashuka, akafunga wake. Zikaanza salamu. Ami akaulizwa habari, akasema hakuna habari. Akaulizwa jipya, hakuna jipya. Kisha akazieleza hizo habari ambazo hakuna, kuanzia mvua ya milimani mpaka goti la ngamia wake. Wakaingizwa ndani. Kahawa ikamiminwa, posa ikatamkwa, wenyeji wakasema wataangalia. Muda wote huo mama yumo garini anagonga kioo kwa pete, na kioo cha nyuma cha gari lile hakifunguki.

Aliyemtoa ni bibi harusi mtarajiwa mwenyewe. Upande wa wanawake walichoka kumngoja mgeni, akatoka kuchungulia.

"Mimi nilijua ami atakikunja kiti," Muhanna akasema.

"Na ami alijua utakikunja wewe," Upepo akamjibu. "Basi tuseme kosa ni la halwa. Ilikuwemo mle, haikusema kitu."

Kamba hakucheka. Huyu, aliyekaa nao busatini, wote walimwita Kamba kwa kazi yake ya kuyavuta magari yaliyozama mchangani, lakini siku hiyo alikuja kwa shughuli nyingine: msichana aliyeposwa ni dada yake. Jina lake hakulitaja, maana jina la dada halitajwi busatini.

"Nimetumwa," akasema. "Wa nyumbani hana neno na wewe, ana neno na gari. Anataka la milango minne. Ukilinunua hilo la nje, posa yako ichukue."

 Muhanna akalitazama gari lake, akalitazama birika. Kisha uso ukamchangamka, na waliomfahamu wakaingiwa na wasiwasi.

"Hilo dogo," akasema. "Mwambie hatakaa nyuma hata siku moja. Kiti cha mbele ni chake mpaka tuzeeke."

Kamba akatikisa kikombe chake kuonyesha ametosheka, akakiweka chini taratibu.

"Nilimwambia utasema hivyo, shemeji. Akasema nikuulize: kwa hiyo mama unamrudisha kulekule?"